UZI: Njia za miguu za Everglades ambazo wageni wengi huzipita bila kusimama

Nyika_Mbichi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Kila msimu wa baridi maswali kuhusu Hifadhi ya Taifa ya Everglades, kusini mwa Florida, yanarudi, na majibu ni yaleyale: nenda Anhinga Trail, panda mnara wa Shark Valley, piga picha, rudi Miami. Njia hizo ni nzuri, sina ugomvi nazo. Lakini hifadhi hii ina zaidi ya kilomita za mraba 6,000, na barabara kuu ya kilomita 61 kutoka lango la Ernest F. Coe hadi Flamingo, kituo cha pwani mwishoni mwa barabara, inapita kando ya njia ambazo unaweza kuzitembea asubuhi nzima usikutane na mtu. Uzi huu ni wa hizo. Mwenye cha kuongeza aongeze, ila tuandike mambo ya kumsaidia mtu aliye njiani.

La kwanza kujua: hapa urefu wa njia haukuambii ugumu wake. Nchi ni tambarare. Kibao cha Rock Reef Pass kando ya barabara kinatangaza mwinuko wa futi 3, yaani hata mita 1 juu ya usawa wa bahari haifiki. Ugumu unatokana na maji, tope na mbu, na vyote vitatu vinafuata majira. Mvua huanza katikati ya Mei na kuendelea hadi Oktoba au Novemba. Kiangazi ni Desemba hadi Aprili. Njia ya kilomita 3 ambayo Februari ni ya watoto, Agosti inaweza kumrudisha mtu mzima ndani ya dakika 10. Kwa hiyo chagua mwezi kwanza, kisha ndipo uchague njia.

Ukitoka langoni kuelekea Flamingo, zipo hizi.

Long Pine Key Trail, karibu maili 7 (km 11) kwenda tu, kutoka kambi ya Long Pine Key hadi Pine Glades Lake. Ni msitu wa misonobari juu ya mwamba wa chokaa, na ndiyo sehemu kavu kuliko zote. Mwamba umeliwa na maji ya mvua kwa karne nyingi. Una ncha kali na mashimo yanayofichwa na majani makavu. Ukibaki njiani hakuna shida. Ukitoka hatua 5 pembeni, kifundo cha mguu kiko hatarini.

Old Ingraham Highway, maili 11 (km 17.7) kwenda tu, karibu na Royal Palm, ilipo Anhinga Trail. Ndiyo barabara ya zamani ya Flamingo, iliyokamilika 1922 kabla ya hii ya sasa. Imenyooka, imeinuka kidogo juu ya maji, kushoto na kulia ni nyasi. Baiskeli zinaruhusiwa. Watu huidharau kwa kuwa imenyooka, lakini kwa ndege wa asubuhi na utulivu ni vigumu kupata bora yake.

Karibu na Flamingo ndiko kwenye njia nyingi: Snake Bight (maili 1.6 kwenda), Rowdy Bend (maili 2.6 kwenda), Christian Point (karibu maili 1.8 kwenda), Bear Lake (maili 1.6 kwenda), Bayshore Loop (maili 2 kwa mzunguko mzima) na Coastal Prairie (maili 7.5 kwenda). Kila moja ina tabia yake, nitazirudia huko chini.

Jambo moja kabla ya yote: angalia ukurasa wa hali ya sasa kwenye tovuti ya hifadhi, au piga simu kituo cha wageni cha Flamingo, asubuhi ya siku yenyewe. Vimbunga vya 2005 (Katrina na Wilma) na Irma wa 2017 viliangusha miti na kuharibu njia za mbao, na kipande cha njia hufungwa bila ramani za mtandaoni kubadilishwa. Barabara ya vumbi ya kwenda Bear Lake hasa hufungwa mara kwa mara. Ikifungwa unaongeza maili 2 za kutembea kabla hujaanza njia yenyewe.

Bint_Tumbatu

Ahsante ndugu Nyika. Naongeza kuhusu Snake Bight, kwa sababu wengi huifika saa isiyofaa halafu wanasema hakuna ndege.

Njia inakwenda sambamba na mtaro wa zamani, kivuli kikubwa pande zote, na mwisho kuna jukwaa la mbao linaloelekea Florida Bay. Ghuba hii ina kina cha wastani cha mita 1 hivi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa si kama ya Zanzibar, ambako bamvua hufika karibu mita 4, lakini kwa sababu sakafu ni tambarare, maji yakishuka kidogo tu tope linafunuka mbali sana. Maji yakipwa, ndege wote wanayafuata huko mbali na wewe unaona vidoadoa. Ukifika maji yakiwa yanajaa, yanawasukuma taratibu kuelekea ufukweni, na mnakuwa karibu: yangeyange, mwari, domomwiko wa waridi, na ndege wadogo wa tope kwa makundi.

Hesabu ni hii: chukua jedwali la maji la Flamingo (si la Miami wala Key West, saa zinatofautiana), tafuta saa ya kujaa, kisha uwe jukwaani saa moja na nusu kabla. Kutembea kutoka barabarani ni dakika 35 hadi 45. Tahadhari moja: Januari na Februari upepo mkali wa kaskazini unaokuja na baridi husukuma maji nje ya ghuba, na jedwali linaweza kusema maji yamejaa huku mbele yako ni tope tupu. Siku ya upepo wa namna hiyo nenda Long Pine Key, Snake Bight ingoje kesho.

Heroe nao huonekana huko, ila si wa kuahidiwa. Kimbunga Idalia cha Agosti 2023 kilisukuma heroe wengi hadi Florida, na tangu hapo watu huangalia Snake Bight kwa matumaini zaidi. Njoo na darubini ya mara 8 au 10, au usije kwa ajili yao.

Kasuku254

Wakuu, nimesoma yote. Sisi likizo yetu ni Julai, watoto wakiwa wamefunga shule. Hizi njia za Flamingo zinawezekana? Mbu wa kwetu pwani tumewazoea.

Mzee_wa_Dira

Kasuku, karibu, lakini nakwambia kwa nia njema: usipeleke watoto Snake Bight wala Christian Point Julai.

Mbu wa pale ni wa matope ya chumvi, *Aedes taeniorhynchus*. Jike hatagi kwenye maji yaliyotuama. Hutaga kwenye udongo wenye unyevu, na mayai husubiri. Mvua kubwa au maji ya bahari yakifunika udongo ule, mayai ya wiki nyingi huanguliwa kwa pamoja. Ndiyo maana leo wapo wachache na baada ya siku chache hewa imejaa. Tena huyu anauma mchana kutwa kwenye kivuli, hangoji magharibi kama mbu wa nyumbani. Na njia zenye kivuli na zisizo na upepo ndizo hizo mbili.

Kwa Julai fanyeni hivi. Tembeeni sehemu wazi zenye upepo na njia za mbao fupi: Pa-hay-okee, Anhinga. Anzeni alfajiri na muwe garini saa 4 asubuhi, kwa sababu mchana joto linafika nyuzi 32 na unyevu ni mkubwa, na ngurumo za radi huanza saa 7 au 8 mchana karibu kila siku. Kwenye nyasi zile wewe ndiye kitu kirefu kuliko vyote. Ukisikia ngurumo, rudi garini, usingoje matone.

Kuhusu dawa: ya kupaka yenye DEET asilimia 20 hadi 30 inatosha watu wengi. Huyeyusha plastiki, kwa hiyo futa viganja kabla ya kushika miwani, simu au kamba ya saa. Nguo zipulizwe pemethrini, dawa ya kuua wadudu, siku moja kabla, zikauke kabisa, wala pemethrini isipakwe kwenye ngozi. Shati la mikono mirefu lililolegea ni bora kuliko linalobana, kwa kuwa mbu hutoboa kitambaa kilichogusa ngozi. Wavu wa kichwani uvaliwe juu ya kofia yenye ukingo ili usiguse uso.

Na usubi ni habari nyingine. Ni wadogo kiasi cha kupita kwenye matundu ya wavu wa kawaida, na hutoka alfajiri na jioni karibu na ufukwe hata wakati wa baridi. Kwa hao, upepo ndiyo kinga kubwa.

mkoko_mwekundu

Nashukuru kwa uzi huu. Mimi nataka kuzungumzia miti, maana kuna mtu atarudi na malengelenge asijue yametoka wapi.

Kwenye Long Pine Key, Bear Lake na visiwa vya miti migumu vilivyotapakaa katikati ya nyasi kuna mti uitwao poisonwood, *Metopium toxiferum*. Ni jamaa ya mwembe na mkorosho, na anayejua utomvu wa korosho mbichi anaelewa mara moja. Majani yake huja kwa vikonyo vyenye vijani 5 mara nyingi, yanang'aa, na yana madoa meusi kama yamerushiwa oili. Gome linabanduka na kuacha mabaka meusi pale utomvu ulipokauka. Mabaka hayo ndiyo alama ya kutazama. Usijikinge mvua chini yake, maji yanayotiririka kwenye majani hubeba sumu. Ukigusa, osha kwa sabuni na maji ya baridi mapema uwezavyo, na nguo zako usizichanganye na za wengine. Vipele hutokea baada ya saa kadhaa au siku nzima, ndiyo sababu watu hushindwa kuhusisha.

Usiuchanganye na gumbo limbo, ambao gome lake jekundu pia hubanduka lakini ni laini, lina mng'ao wa shaba, na halina mabaka meusi. Huo hauna neno.

Karibu na bahari kuna manchineel, mbaya zaidi: utomvu mweupe kama maziwa, matunda madogo ya kijani yanayofanana na tofaa. Usile, usiguse, usiwashe kuni zake. Si mwingi, lakini upo ukanda wa Flamingo.

Kwa mtu wa pwani yetu, furaha ya Bear Lake ni kukuta ndugu wa mikoko anayoijua. Mkoko mwekundu wa huku, *Rhizophora mangle*, unasimama kwa mizizi ya matao kama mkoko wa Rufiji au Lamu. Ule mweusi, *Avicennia germinans*, ni jamaa ya mchu, na vipumulio vyake hutoka topeni vikiwa vimesimama wima vilevile. Njia inafuata kingo za Homestead Canal, mfereji uliochimbwa 1922, na udongo uliotolewa wakati ule ndio uliotengeneza tuta kavu la kutosha kwa miti migumu kuota. Pembeni ya tuta ni mikoko, juu ya tuta ni zaidi ya aina 50 za miti. Tembea polepole kwelikweli hapa. Mwisho wa njia ni ziwa, lakini kilicho njiani kinazidi kilicho mwisho.

Nyasi zinazoonekana kila mahali, sawgrass, kwa kweli ni jamaa ya mafunjo. Kingo zake zina meno. Ukipapasa kutoka chini kwenda juu hukwaruzwi, ukishusha mkono zinakukata. Vaa suruali ndefu, hata kama ni joto.

Kasuku254

Mzee wa Dira nimekuelewa, tutasogeza safari hadi Februari. Sasa naomba kuuliza: nimeona picha za watu wakitembea ndani ya maji kati ya miti, maji hadi mapajani. Hiyo ni njia gani, na inaruhusiwa?

Mzee_wa_Dira

Hiyo si njia iliyochongwa, Kasuku. Ni kuingia kwenye kuba za misaipresi, na inaruhusiwa bila kibali kwa matembezi ya mchana. Wahifadhi huongoza vikundi wakati wa kiangazi. Kwa mara ya kwanza jiunge nao. Kwa atakayekwenda na mwenzake anayejua, mambo ni haya.

Kuba ni nini: mwamba wa chokaa una bonde dogo, maji hukaa humo muda mrefu zaidi, tope la mboji hujikusanya, na misaipresi ya katikati hukua mirefu kuliko ya pembeni. Kwa mbali unaona kilima, kumbe ni urefu wa miti tu. Kwa hiyo unapoingia, maji huongezeka kina taratibu: kifundo, goti, paja. Katikati kabisa mara nyingi kuna kidimbwi kisicho na miti. Hapo usiingie. Maji yakikauka Machi na Aprili, kidimbwi hicho ndicho makazi ya mwisho ya aligeta (jamaa ya mamba) na samaki wa eneo zima. Zunguka ukingoni.

Viatu: raba za zamani zenye kamba, zinazotoa maji. Buti za mpira hujaa maji na kuwa mzigo, na ndala zitabaki topeni. Tope la kijivu, lililotokana na chokaa ambayo utando wa mwani hutengeneza majini, linateleza sana likiwa na maji kidogo juu. Tembea kwa hatua fupi, mguu ukiburuta. Fimbo ndefu, ifike kifuani, ni lazima. Kila hatua fimbo itangulie, kwa sababu mwamba una mashimo ambayo juu yake utando wa mwani wa manjano unaelea na kuyafanya yaonekane sakafu.

Kupotea ndiko kunakowapata wengi, si mamba. Ukiwa ndani ya kuba kila upande unafanana, na ukizunguka mti mara mbili umeshapoteza mwelekeo. Chagua kuba inayoonekana kutoka barabarani, isizidi mita 500. Weka alama ya gari kwenye simu *na* soma dira kabla ya kuacha lami: andika nyuzi za kwenda, na za kurudi (ongeza au toa 180). Simu ifungwe kwenye mfuko usiopitisha maji, ramani ikiwa imeshapakuliwa, maana mtandao hapo haupo au unakatika. Barabara kuu ndiyo ukuta wako; ukijua iko upande gani wa dira, hutapotea, utatokea tu mbele au nyuma ya gari. Toka ndani saa mbili kabla ya giza. Januari jua linazama karibu na saa 12 jioni na kiza hushuka haraka.

Desemba hadi Februari ndio wakati mzuri: maji bado yapo, ni safi kiasi cha kuona samaki, mbu wachache. Misaipresi huwa imepukutisha majani, msiishangae mkadhani imekufa.

Nyika_Mbichi

Maelezo mazuri, mzee. Kwa kuwa aligeta ametajwa, tulimalize hilo. Kusini mwa Florida ndiko mahali pekee duniani ambako aligeta na mamba wa Amerika wanaishi pamoja. Aligeta ana pua pana na rangi nyeusi, yuko zaidi kwenye maji baridi (yasiyo ya chumvi). Mamba ana pua nyembamba, rangi ya kijivu-kijani, na meno ya chini huonekana hata mdomo ukiwa umefungwa. Flamingo, kwenye gati la boti, mamba huonekana kirahisi.

Kaa mbali na yeyote kati yao angalau mita 5, na akianza kutoa sauti ya kupuliza umeshakaribia mno. Mtoto asitembee mbele peke yake ukingoni mwa maji. Julai hadi Septemba majike ya aligeta hulinda viota, vichuguu vya majani makavu karibu na maji; ukikiona, geuka ulikotoka. Kumlisha mnyama yeyote ni kosa la jinai, na aligeta aliyelishwa huishia kuuawa kwa kuwa haogopi tena watu. Wanyama wa kufugwa hawaruhusiwi njiani.

Nyoka wenye sumu wapo aina 4: cottonmouth, nyoka-njuga wa aina mbili, na coral snake. Karibu wote watakukimbia. Usiweke mkono mahali usipoona, usiketi juu ya gogo kabla ya kuligonga kwa fimbo. Chatu wa Burma ni wavamizi, na wamefagia wanyama wadogo vibaya: utafiti uliochapishwa 2012 ulionyesha rakuni wanaoonekana wamepungua kwa zaidi ya asilimia 99 katika maeneo ambayo chatu wamekaa muda mrefu. Ukimwona chatu, piga picha, hifadhi mahali ulipo kwenye simu, na uwaarifu wahifadhi. Usimkamate.

Bint_Tumbatu

Coastal Prairie bado haijaelezwa vizuri, na ndiyo inayowadhuru watu wenye nguvu zao.

Inaanzia nyuma ya mzunguko C wa kambi ya Flamingo na kuishia Clubhouse Beach, km 12. Ni barabara ya zamani ya wavuvi na wachuma pamba mwitu. Kivuli hakuna kabisa baada ya mwanzo. Mimea ni ile minene ya chumvi, inayofunika njia, na chini yake tope. Ikiwa imekauka utakwenda km 4 kwa saa. Ikiwa na maji ni 2, labda 2 na nusu. Fanya hesabu kabla: km 24 kwenda na kurudi kwa tope ni saa 10 hadi 12 hivi, na mchana wa Januari una saa 10 na nusu hivi. Haitoshi. Ama lala huko, ama weka saa ya kugeuka na uiheshimu hata kama ufukwe unauona.

Maji ya kunywa hayapo popote njiani. Yote yanayoonekana ni ya chumvi. Beba lita 4 kwa mtu kwa siku, na kwa wanaolala beba kwenye vyombo vigumu, si mifuko ya plastiki laini, kwa sababu rakuni waliobaki ukanda wa pwani hutafuna mifuko kutafuta maji baridi. Kulala kunahitaji kibali cha nyikani, na uliza mapema kama sehemu ya mwisho ya njia imefyekwa. Bahari inapanda na vimbunga hupitia hapohapo, na mikoko inasogea ndani mwaka hadi mwaka. Kuona mikoko michanga imeota katikati ya njia ya gari ya zamani kunafundisha kuliko bango lolote.

Asiye na siku mbili afanye Bayshore Loop, inayoanzia palepale. Ni maili 2, inapita kandokando ya ghuba, na kuna mabaki ya makazi ya wavuvi wa zamani.

Christian Point ni ya katikati: nusu ya kwanza ni msitu wa buttonwood wenye mimea inayoota juu ya matawi, nusu ya pili ni uwanda wazi wenye magogo ya kijivu, miti iliyouawa na maji ya chumvi ya vimbunga, inayofikia ukingo wa Snake Bight. Huko mwisho usishuke kwenye tope la ghuba kupiga picha. Linaonekana gumu, ni laini hadi gotini, na kutoka kwake kunachosha sana.

mkoko_mwekundu

Guy Bradley Trail ni maili 1 tu, kutoka kituo cha wageni cha Flamingo hadi kambi, na watu huipita kwa gari. Inastahili kutembewa kwa sababu ya jina lake. Bradley alikuwa mlinzi wa ndege wakati manyoya ya yangeyange yalipokuwa yakiuzwa kwa kofia za wanawake, na wawindaji walikuwa wakimaliza makoloni mazima. Aliuawa kwa risasi Julai 8, 1905, akijaribu kumkamata mwindaji. Hifadhi yenyewe ilizinduliwa Desemba 1947. Ndege tunaowahesabu leo pale Snake Bight wana deni kwake.

Kasuku254

Nashukuru sana wote. La mwisho: gharama, mafuta, na kama tuna siku mbili tu Februari mngetupangaje? Watoto wana miaka 9 na 13.

Nyika_Mbichi

Kiingilio ni dola 35 kwa gari, kinadumu siku 7, kwa kadi tu. Pesa taslimu hawapokei. Tangu Januari 2026 mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na kuendelea analipa nyongeza ya dola 100 hapa, isipokuwa awe na pasi ya mwaka. Kwa hiyo wazazi wawili wanaotoka Nairobi wapige hesabu ya pasi ya wageni kwanza. Watoto wako hawaguswi na nyongeza hiyo.

Jaza tangi Florida City, ni karibu km 77 hadi Flamingo na hakuna kituo katikati. Pale Royal Palm, tumbusi hung'oa mpira wa vifuta-kioo na kingo za madirisha ya magari. Hifadhi huweka maturubai na kamba za kufungia hapohapo maegeshoni; funika gari, ni bure.

Siku ya kwanza: Anhinga alfajiri, sihitaji kuwazuia, kisha km 3 za mwanzo za Long Pine Key na kurudi. Mchana Pa-hay-okee na Mahogany Hammock, zote fupi na za mbao. Lala Flamingo, kambini au kwenye vyumba. Weka nafasi mapema kwa Februari.

Siku ya pili panga kwa jedwali la maji. Yakijaa asubuhi, Snake Bight kwanza, Guy Bradley na Bayshore Loop baadaye. Yakijaa mchana, geuza. Yule wa miaka 13 anaweza kuingia kwenye kuba na kikundi cha mhifadhi kama kuna nafasi. Huyo wa 9, uliza kikomo cha umri kabla ya kumwahidi.

Mzee_wa_Dira

Na Kasuku, mkipata siku ya tatu, vukeni kwenda Big Cypress, hifadhi jirani iliyoanzishwa 1974, kaskazini ya barabara ya Tamiami na kusini yake. Kirby Storter ni njia ya mbao ya maili 1 kwenda na kurudi, inaingia katikati ya misaipresi bila kulowa, na inafaa kabisa kwa mtoto. Gator Hook, kutoka Loop Road, ni maili 5 kwenda na kurudi, na ni ya maji. Huyo wa 9 abaki na mmoja wenu. Huko uwindaji unaruhusiwa kwa misimu, hasa vuli hadi mwanzo wa baridi, kwa hiyo ulizeni tarehe kituo cha Oasis na mvae fulana za rangi ya chungwa.

Kasuku254

Kirby Storter imeingia kwenye ratiba. Nimeshapakua jedwali la maji la Flamingo la Februari. Tarehe tulizochagua yanajaa asubuhi, basi tunaanza na Snake Bight.

Bint_Tumbatu

Vizuri. Usiku wa kuamkia siku hiyo angalia na utabiri wa upepo: ukiwa wa kaskazini na mkali, anzeni na Bayshore Loop, mpitie Snake Bight siku ya tatu kabla hamjatoka Flamingo.